Hili Nilibebe?

Binti yake alinipigia simu kutoka Tororo siku ya soko, saa ambayo hakuna mwenye akili timamu anayempigia simu mwuza maharagwe. Nilipokea nikiwa nimeshika debe mkononi.

"Anti," akasema, "Mama anaongea lakini simwelewi. Tangu apigwe na kiharusi ni maneno tu, maneno, yanamwagika. Watu wa maombi wanasema ni pepo. Kesho mchana wanaleta gari wamchukue, akae nao huko mpaka limtoke. Wewe umekaa naye sokoni miaka yote hiyo. Njoo uniambie kama aliyemo humo ndani bado ni mama yangu."

Nikamwambia nitafika asubuhi. Kisha nikamaliza kupima, nikahesabu magunia yangu, nikayahesabu tena, na mara zote mbili nikakosea. Hapo ndipo nilipojua kwamba nimeshtuka.

Mama yake huyo sokoni tulimwita Mama wa Katikati, na hapa nitamwita hivyo hivyo. Jina lake analo, lakini halikuwa likitumika. Lilikuwa kama viatu vya kanisani.

Kazi yake ilikuwa kusimama. Hakuwa na kibanda, wala mzani, wala gunia hata moja la kwake. Pale kwenye nafaka, hatua chache kutoka mpakani, alikuja mkulima wa Buteba na maharagwe yake na Kiteso chake, akaja mama wa Lunyo na karanga na Kisamia, akaja mzee kutoka upande wa Tororo na mtama na Dhopadhola. Na upande wa pili walikuja wanunuzi kutoka Kenya, wenye malori, wenye haraka, wenye Kiswahili cha kukulalia bei ukiwa umesimama. Ni kweli kila mtu hapa kwetu ana Kiswahili kidogo. "Hii maharagwe iko mzuri, wewe nakwenda wapi?" Hicho kinatosha kuuza gorogoro moja, kopo la kupimia. Hakitoshi kuuza mavuno ya msimu mzima kwa mtu anayekuambia soko limeanguka. Kwa hiyo wauzaji walimtafuta yeye, na wanunuzi wakamtafuta yeye, na kila upande ukimaliza ulimwachia kopo la nafaka. Jioni alikwenda nyumbani na mfuko wenye maharagwe, karanga na mtama umechanganyika, akachambua huku akiimba. Huo ndio ulikuwa mshahara. Nilimshauri mara nyingi adai pesa. Alisema pesa zingemfanya apende upande mmoja.

Chombo chake cha kazi kilikuwa leso. Alipozungumza na mwuzaji, leso ilikaa bega la kushoto. Alipomgeukia mnunuzi, aliihamishia bega la kulia, akanyamaza kidogo kama mtu anayemeza mate, ndipo akafungua mdomo. Kushoto kulikuwa na Kiteso, Kisamia, Dhopadhola. Kulia kulikuwa na Kiswahili, Kiluo, na Kiingereza kidogo cha kuwaogofya maafisa. Nilikuwa nikimcheka. Nikamwambia, "Mama, hiyo leso itachanika kwa safari. Si useme tu?"

Akanitazama kama mtu anayetazama bei ya kwanza. "Msamia wangu, wewe unadhani lugha zangu nimezipanga kama sahani kabatini, nachukua moja? Zote huja mbio kwa pamoja. Umeshawahi kufungua zizi la mbuzi asubuhi?"

"Nimefungua."

"Unataka atoke mmoja tu, yule wa kukamuliwa. Je, unamwita?"

"Simwiti. Ukimwita, wanakuja wote."

"Basi unafanyaje?"

"Nawazuia wengine kwa mguu."

"Haya," akasema. "Ndiyo kazi yangu. Watu wanaona mbuzi aliyetoka. Hawauoni mguu."

Nimelikumbuka jibu hilo kila ninapoona watu wanamsifu mtu kwa anayoyasema.

Mguu ule ulikuwa na kazi ngumu kuliko hiyo, nayo ndiyo iliyomtofautisha na wakalimani wengine waliopita pale, maana walipita, hawakudumu. Wengine walikuwa wakilainisha. Mnunuzi akitukana, wao wanasema, "Anasema bei iko juu kidogo, mzee." Ni njia nzuri mpaka siku mkulima atakapojifunza Kiswahili. Wengine waliongeza pilipili yao, wakafurahia ugomvi. Mama wa Katikati hakulainisha wala hakuongeza. Alifanya kitu ambacho sijakiona kwingine. Likija neno chungu, alifungua leso, akaifunga upya taratibu, kisha akamuuliza mwenye neno, kwa lugha ya mwenyewe, kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Hili nilibebe?"

Kuna siku mnunuzi mmoja, mtu wa tumbo kubwa na subira ndogo, alichota maharagwe ya mzee wa Buteba, akayaachia yachuruzike kati ya vidole. "Mathe, mwambie huyu mzee ni mwizi kama baba yake alivyokuwa mwizi."

Leso ikafunguka. Leso ikafungwa. "Hili nilibebe?"

"Nini?"

"Neno lako. Kuna mwizi, halafu kuna baba yake. Nibebe yote mawili, au mmoja tumwache hapa?"

Yule mtu akajikuna shingo. Alitutazama sisi wengine, na sisi tulikuwa tumeacha kupima ili tusikie. "Aah, mathe. Wacha hizo. Beba bei."

"Nimebeba bei," akasema, akahamisha leso.

Wengi waliacha. Ajabu ya mtu ni kwamba tusi analirusha bila kufikiri, lakini ukimuuliza kama kweli analituma, anaanza kulipima uzito. Lakini usidhani alikuwa mpatanishi. Ukimjibu "Libebe!", alilibeba. Zima, na mifupa yake. Mama mmoja wa Lunyo alimwambia alibebe neno moja kuhusu mke wa mnunuzi, akalibeba, na tukatumia sehemu ya asubuhi ile kuokota karanga zilizomwagika. Nilimkasirikia, maana nusu ya karanga zile nilikuwa nimezitolea macho mimi.

"Si ungepunguza hata kidogo?"

"Wewe ukimpimia mtu debe, unapunguza?"

Nikafungua mdomo.

"Usijibu," akasema.

Ni yeye aliyenifundisha kuhesabu mara mbili. Watu wanadhani ni tabia ya ubahili, na ubahili upo, sikatai. Lakini kuhesabu kwangu ni kwa namna yake. Naanza kwa Kisamia, kisha narudia kwa Kiswahili. Alisema ukirudia kwa lugha ile ile, ulimi unakumbuka wimbo na unaimba kosa lile lile. Ukibadilisha lugha, kosa linakwama mlangoni kama mgeni asiyejua salamu. Hesabu mbili zikikubaliana, lala. Zikikataana, fungua magunia. Hata wanangu niliwahesabu hivyo walipokuwa wadogo, tukivuka barabara.

Sasa, redioni walileta siku moja mtu wa kuongea kuhusu elimu, akasema watoto wenye lugha mbili kichwa chao kina breki nzuri. Soko zima likageuka kumtazama Mama wa Katikati, na soko zima likaangua kicheko. Maana tulimjua. Mwanamke huyu aliyeweza kusikiliza lugha mbili katikati ya kelele za soko bila kupoteza neno, alikuwa akiunguza maharagwe nyumbani kwake mpaka majirani wakajua wiki inakwendaje kwa harufu. Funguo alizipoteza zikiwa zimening'inia shingoni. Aliyejua kuzuia tusi la mtu mwingine hakuweza kuzuia la kwake akiona kuku wamepanda kwenye mtama wake. Aliwatukana kwa lugha nne, moja baada ya nyingine, na hakumuuliza kuku hata mmoja kama alibebe.

"Mama, breki zako ziko wapi?" wakamwuliza wachuuzi. "Tunasikia una breki!"

Hakukasirika. Alilifikiria. "Anayeendesha boda vizuri," akasema, "mpe ng'ombe wa jembe uone. Breki unazipata za kitu unachokiendesha kila siku. Mimi naendesha midomo ya watu. Sufuria siendeshi."

Krismasi moja binti yake alikuja na mchezo kwenye simu. Unaonyeshwa neno la rangi, lakini limeandikwa kwa rangi nyingine. Limeandikwa "nyekundu" na wino wake ni kijani, na wewe unatakiwa uguse kijani, haraka, usikubali neno likudanganye. Tukacheza sisi watatu, tumekaa kwenye mkeka, tukila mihogo. Mimi nilikuwa nimejiandaa kushindwa. Sikushindwa. Binti alikuwa wa kwanza, mimi wa pili, na Mama wa Katikati alikuwa nyuma kidogo, kama mtu wa kawaida kabisa. Tukarudia, maana mimi siamini hesabu ya kwanza. Ikawa vile vile.

Nilidhani ataona vibaya. Alirudisha simu akasema, "Basi kichwa changu ni kama chenu. Nimefurahi. Nilikuwa naogopa ni ajabu, na ajabu huondoka. Kazi haiondoki."

Hapo alikosea, na hakuna kosa lake lililoniuma kama hilo.

Makosa sokoni alifanya mara chache, na yalikuwa ya aina ambayo ni mtu wa katikati tu anayeweza kuyafanya. Kulikuwa na siku ya jua kali, amesimama tangu asubuhi bila kula, kati ya mzee wa Kiteso na mnunuzi kijana wa Bungoma. Kijana akasema kwa Kiswahili, "Haya maharagwe yana mchanga." Mama wa Katikati akahamisha leso, akameza mate, akamgeukia kijana yule yule, na kwa Kiswahili safi akamwambia, "Anasema haya maharagwe yana mchanga."

Kijana akaruka. "Si nimesema! Hata mwenyewe amekubali!"

Mzee wa Kiteso, ambaye alikuwa hajaambiwa lolote, akatabasamu kwa adabu. Kijana akaona tabasamu, akateremsha bei. Mzee akaendelea kutabasamu. Tulicheka mpaka nikakalia mzani wangu. Ilibidi Mama wa Katikati ayarudishe mazungumzo yote nyuma, neno kwa neno, amweleze kijana kwamba amekuwa akibishana na kushinda peke yake.

Alipomaliza, aliikunja leso akaitia kwenye mfuko. "Leo nimefunga."

"Lakini ni mchana," nikasema. "Lori mbili hizo zimeingia."

"Msamia wangu, mguu umechoka. Mguu ukichoka, zizi linabaki wazi. Kesho."

Akaenda nyumbani. Alifanya hivyo kila alipochoka, hata kama watu walimwita kwa kumsihi. Nadhani ndicho kitu alichokiogopa kuliko vyote, zizi wazi.

Na kuna binti. Huyu mtoto wake mmoja alimlea kwa Dhopadhola ya baba yake na Kiswahili cha barabarani. Shule ikaongeza Kiingereza. Kiteso, lugha aliyoiimba Mama wa Katikati wakati wa kuchambua nafaka, hakumpa hata kidogo. Mimi nilikiokota bure kwa kukaa karibu naye, Kiteso cha maharagwe, cha bei na mchanga na mvua na wewe ni mwongo. Mtoto wa tumbo lake hakuwa nacho. Nilimwuliza sababu siku moja tukingojea mvua ipite chini ya turubai.

"Mwenye lugha nyingi huitwa kwenye kila ugomvi," akasema. "Mimi nimesimama katikati maisha yangu yote. Nilitaka huyu apate upande wa kukaa."

Lilikuwa jibu la mapenzi. Mapenzi nayo yana namna yake ya kukudai baadaye.

Kwa hiyo asubuhi ile nilipanda gari kwenda Tororo na machungwa kwenye mfuko. Binti anaishi upande wa chini wa Mwamba, lile jiwe kubwa la Tororo, anashona nguo za shule, na cherehani yake ilikuwa imefunikwa. Alikuwa amekonda. Alinikumbatia mlangoni muda mrefu kuliko kawaida ya watu wetu.

Mama wa Katikati alikuwa amekaa kitandani, ameegemezwa kwa mito. Upande wa kulia ulikuwa umelala, mkono na mguu, na mdomo umeshuka pembeni. Macho yalikuwa yale yale ya bei ya kwanza. Akaniona, akaanza.

Nitasema ukweli: niliogopa. Yalikuja yote. Kiteso kikaanza sentensi, Kisamia kikaingia kiunoni mwake, Kiluo kikaimalizia, kisha jina la mtu, kisha Kiteso tena, mbio, huku jasho likimtoka. Kila neno peke yake lilikuwa neno zima. Na alisikia kwamba halitoki anavyotaka, hilo nililiona, maana alifumba macho kila mara kama mtu aliyejikwaa mbele ya wageni.

"Unaona?" binti akasema kwa sauti ya chini. "Ndivyo hivyo, mchana na usiku. Ndiyo wanasema ni sauti za wengi."

Nikakaa. Nikasikiliza kama ninavyosikiliza soko. Sikuyajali mengine, nikashika Kiteso cha maharagwe tu, kile ninachokijua. Kikapita kipande. Nikakingoja. Kikapita kingine.

"Anauliza kama mmeingiza nafaka," nikasema. "Mvua inakuja."

Binti akaenda dirishani. Upande wa Mwamba kulikuwa kweupe kabisa. "Mvua gani?"

Tukangoja. Haikupita hata saa, ikanyesha. Simwiti nabii, goti lake lilikuwa likimwambia mvua tangu zamani. Lakini binti alisimama pale dirishani mgongo umetugeukia, na mabega yake yakaanza kutikisika.

"Juzi alisema hivyo hivyo," akasema. "Maneno yale yale. Nikafunga mlango, nikaomba."

"Hukujua, mwanangu."

"Ni mama yangu. Ningejuaje? Hakunipa."

Ndipo nikaona kinachokosekana. Mabega ya Mama wa Katikati yalikuwa matupu. "Leso yake iko wapi?"

"Ipo kwenye sanduku. Niliifua, nikaiweka. Imechakaa, Anti, nikaona wageni watakuja."

"Ilete."

Akaileta, imekunjwa vizuri, inanuka sabuni. Nikamwekea bega la kushoto. Akaishika kwa ule mkono mzima, akainyoosha, akaisugua ncha yake kwa kidole gumba, na maneno yakapungua. Hayakwisha. Nataka ieleweke, hayakwisha mpaka leo. Yalipungua kama watu wanavyopungua sokoni mvua ikianza.

Tukakaa hivyo, mimi katikati. Yeye akisema kwa Kiteso, mimi nikibeba nilichoweza. Anataka mto uinuliwe. Anasema chai haina kitu. Mengine sikuyajua, nikasema siyajui, maana ndivyo alivyonifundisha. Kulikuwa na neno moja alilolirudia akimtazama binti, laini, la zamani, si neno la maharagwe, na sikuweza kulibeba. Ilinisumbua kuliko mzigo wowote niliowahi kushindwa kuinua.

Honi ikalia nje. Gari la maombi.

Binti akasimama katikati ya chumba, na kila alichokuwa amekishikilia tangu mama yake aanguke kikatoka. "Mwambie wamefika. Mwambie nimechoka, Anti! Silali, sishoni, kazi imeniishia. Kama angenifundisha hata kidogo nisingefika hapa. Mwambie amejifungia mwenyewe humo ndani, na kuna siku natamani..."

Akalimalizia neno lake. Alilolimalizia lilikuwa zito.

Mikono yangu haikuwa na leso. Nilifunga tu fundo la kanga yangu upya, taratibu, na nikasikia sauti yangu ikisema, kawaida kabisa, "Hili nilibebe?"

Binti akaweka mkono mdomoni. Mvua ilikuwa ikipiga mabati. Akatikisa kichwa, akatikisa tena. "Liache," akasema. "Liache, Anti, liache."

Lakini kitandani kulikuwa na mwendo. Mama wa Katikati alikuwa amelisikia swali lake likitoka kinywani mwangu. Mkono wa kushoto ukaishika leso, ukaivuta kifuani, ikaanguka, ukaiokota, ukaivuta tena mpaka ukaifikisha bega la kulia, lile lililolala. Akanyamaza. Akameza mate. Niliona shingo yake, niliona yote yanamsukuma, na niliona mguu.

"Umechoka," akasema kwa Kiswahili, polepole, kwa nusu ya mdomo. "Keti."

Binti akaketi pale pale alipokuwa, sakafuni, kichwa kwenye ukingo wa kitanda. Mkono mzima ukashuka juu ya nywele zake. Muda huo wote mama yake alikuwa akisikia kila kitu. Kuingia kwake lugha zote zilikuwa na njia. Kutoka ndiko kulikokuwa na zizi.

Watu wa maombi wakaingia wakijipangusa mvua, wanawake wawili na kiongozi wao, mtu mwema, mrefu, mwenye suruali iliyopanda juu ya vifundo vya miguu. Wakatusalimu vizuri. Kiongozi akasema wako tayari kumchukua mama.

"Mama haendi," binti akasema kutoka sakafuni, bila kugeuka. "Ana kazi hapa. Lakini mmeloa, na mmekuja kwa wema. Ombeeni hapa hapa, halafu kuna chai."

Wakatazamana. Kisha wakaomba, na waliomba vizuri, sina neno. Kiongozi alifumba macho na kuinua mikono, na kila alipoinua mikono suruali ilipanda zaidi.

Mama wa Katikati hakufumba. Aliitazama ile suruali kwa makini, kama anavyotazama gunia lisilojaa. Leso ikarudi kushoto. Na kwa Kiteso, Kiteso cha maharagwe, kifupi, kisicho na doa, akasema jambo.

Chai niliyokuwa nikiimalizia iliniingia puani. Nilikohoa, nikacheka, nikakohoa. Maombi yakasimama. Macho yote yakafunguka.

"Amesema nini?" kiongozi akauliza, mikono bado juu. "Dada, wewe unaelewa. Amesema nini?"

Binti naye akainua uso, macho mekundu, akinitazama kwa hamu ya kujua.

Nikamgeukia mwenye neno. "Mama," nikasema, "hili nilibebe?"

Safari hii alikawia. Leso ilipanda kifuani na kukwama njiani, na kooni mwake nikaona wote wanasukumana, Kiluo mbele, Kisamia nyuma yake, kile cha Tororo kimeingiza pembe. Mkono wa binti ukapanda, ukainyanyua ncha ya leso, ukaivusha bega kwa taratibu. Tukangoja, watu wazima sita, mvua juu ya mabati.

"Liache," akasema.

Na nusu ya mdomo ikacheka.

Nikaliacha. Binti amenibembeleza tangu siku ile, na kiongozi wa maombi aliniuliza tena mlangoni, kwa upole, akivaa kofia. Hata hapa nimefika ukingoni nalo, na nimehesabu mara mbili, kwa Kisamia na kwa Kiswahili. Hesabu zimekubaliana. Halibebwi.